Kuitambua Motokaa Adimu kwa Picha ya Zamani

Karibuni tena katika somo letu la historia. Wale waliolikosa redioni, na wale waliolisikia lakini wangependa kulirudia polepole, watalisoma hapa kama lilivyosemwa. Mkiwa katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Maswali ya kuzungumzia yapo mwishoni.

Leo tutajifunza namna ya kuisoma picha. Nasema kuisoma, wala si kuitazama tu. Barua ya zamani tunaisoma mstari kwa mstari, tukiuliza nani aliandika, lini, na kwa sababu gani. Lakini picha tunaipokea kama tulivyopewa, tukiamini maneno yaliyoandikwa nyuma yake. Huo ni uvivu, na uvivu huo umeharibu historia nyingi.

Chukueni mfano. Tuseme katika sanduku la marehemu babu yenu mmekuta picha iliyogeuka rangi ya kahawia. Pana motokaa ya ajabu, Wazungu wawili wamekaa ndani, na watu wapatao kumi wamesimama pembeni. Nyuma yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: Motokaa ya kwanza kuvuka Afrika, Dar es Salaam. Mwaka haukuandikwa. Picha hii ni mfano wa somo tu, lakini motokaa nitakazozitaja ni za kweli, na safari zake ni za kweli. Je, mtaijuaje motokaa hiyo?

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: maandishi ya nyuma ya picha ni shahidi, si hakimu. Pengine aliyeandika alikuwapo. Pengine aliandika miaka thelathini baadaye, kwa kukisia. Msimtupe shahidi huyu, lakini msimpe kiti cha hakimu. Mwekeni kando kwanza, mwiulize picha yenyewe.

Sasa, ni motokaa gani zinazoweza kudaiwa kuwa za kwanza kuvuka Afrika? Nitawatajia tatu, na kila moja ilikuwa ya namna yake.

Ya kwanza ni ya Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani. Yeye aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, katika pwani ya nchi tunayoiita leo Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Hesabuni: ni siku 630. Motokaa yake ilijengwa makusudi kwa safari hiyo katika kiwanda cha mji wa Gaggenau, Ujerumani, kiwanda ambacho baadaye kilimezwa na kampuni ya Benz. Iliinuliwa juu sana kutoka ardhini ili ipite penye visiki na mawe. Barabara za motokaa hazikuwapo njiani, wala vituo vya petroli, na mara kwa mara Graetz alikwama akingoja msaada au vyuma vya kutengenezea injini.

Ya pili ni safari ya Meja Court Treatt na mkewe Stella, Waingereza. Waliondoka Cape Town tarehe 23 Septemba 1924, wakafika Cairo tarehe 24 Januari 1926, yaani miezi kumi na sita. Motokaa zao zilikuwa mbili, zilizotengenezwa na kampuni ya Crossley ya Manchester. Zilikuwa za aina iliyopata sifa katika Vita Kuu ya kwanza, ilipotumiwa na jeshi la ndege la Uingereza.

Ya tatu ni safari ya Wafaransa iliyotumwa na André Citroën, mwenye kiwanda cha motokaa huko Paris. Waliondoka Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, chini ya Georges-Marie Haardt na msaidizi wake Louis Audouin-Dubreuil. Walikuwa na motokaa nane. Wakavuka Sahara, wakapita Chad na Kongo, wakafika Kampala. Hapo, mwezi wa Aprili 1925, wakagawanyika makundi manne, motokaa mbili mbili. Kundi la Audouin-Dubreuil lilishika njia ya Mombasa. Kundi la Bettembourg lilikuja Dar es Salaam. Kundi la Haardt lilielekea Msumbiji, na kundi la Brull likaenda kusini mpaka Cape Town. Haardt alifika Antananarivo katika kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, mwezi wa Juni 1925.

Mnaona basi ugumu wake. Safari mbili kati ya hizi tatu zinagusa Dar es Salaam. Moja ilianzia hapo mwaka 1907, nyingine ilifika hapo mwaka 1925. Kati yake pana vita vikubwa, pana kuondoka kwa Wajerumani na kuja kwa Waingereza. Mtu akisema picha ni ya 1907 kumbe ni ya 1925, hakukosea motokaa tu. Ameukosea mji mzima: serikali yake, bendera yake, na hata umri wa wale waliosimama pembeni.

Sasa tushike picha. Tafuteni kioo cha kukuzia, au mwazime kwa fundi wa saa. Anzieni chini, kwenye magurudumu.

Tuseme mbele mnaona magurudumu mawili ya kawaida, lakini nyuma hakuna magurudumu. Mahali pake pana mkanda mpana uliozunguka kama mkanda wa mashine ya kusaga, na katikati yake vigurudumu vidogo. Hapo hapo Graetz anatoka katika shauri letu, maana motokaa yake ilikwenda kwa magurudumu manne. Court Treatt naye anatoka, kwa kuwa Crossley zake mbili zilikuwa za magurudumu.

Mkanda huo una historia yake. Aliyeubuni ni Adolphe Kégresse, fundi Mfaransa aliyefanya kazi katika gereji ya Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi. Kule theluji hufunika njia miezi mingi, na magurudumu huzama. Kégresse alitengeneza mkanda wa mpira, mwepesi na laini, usiovunja njia kama minyororo ya chuma. Baada ya mapinduzi ya 1917, Lenin mwenyewe alitumia motokaa ya Rolls-Royce iliyofungwa mikanda hiyo. Kégresse alirudi Ufaransa, akakutana na Citroën, na kitu kilichobuniwa kwa ajili ya theluji kikaja kukanyaga mchanga wa Sahara na tope la Kongo.

Je, tumekwisha? Bado. Mkanda peke yake hautoshi. Kampuni ya Crossley nayo ilitengeneza motokaa za mikanda ya Kégresse kwa ajili ya jeshi la Uingereza, na kampuni ya Burford vile vile. Basi pandisheni macho mpaka kwenye rejeta, yaani lile tangi la mbele la maji ya kupozea injini. Motokaa za kazi maalumu hubadilishwa mwili mzima: huongezewa masanduku, matangi, turubai na vyombo vya kupikia, hata aliyezitengeneza asizijue. Lakini umbo la rejeta hubadilishwa kwa nadra. Ni kama pua ya mtu. Avae kanzu au suti, pua ni ile ile.

Juu ya rejeta tafuteni alama ya kiwanda. Citroën hutumia alama mbili za pembe, moja juu ya mwenziwe, mfano wa herufi V iliyopinduliwa. Alama hiyo imetokana na magurudumu ya meno yaliyokatwa kwa umbo hilo, ambayo Citroën aliyatengeneza kabla hajaanza kuunda motokaa. Crossley ilitumia msalaba wa Kikopti. Alama isipoonekana, hesabuni mianya ya hewa ubavuni mwa boneti, hesabuni na nati za gurudumu la mbele, kisha linganisheni na picha nyingine ambayo motokaa yake inajulikana kwa hakika. Kuhesabu ni bora kuliko kusema zinafanana.

Tazameni pia namba ya motokaa. Kabla ya mwaka 1928, namba za Ufaransa ziliambatana na herufi ya wilaya ilikosajiliwa. E, G, I, U na X zilikuwa za upande wa Paris. Namba ya namna hiyo ikionekana, mmepata ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mtu. Na kabla ya kusoma namba, hakikisheni kwamba herufi hazikugeuka kushoto kulia. Zikigeuka, picha imechapwa kinyume, na usukani utauona upande ambao haukuwako.

Basi tumejua kwamba ni Citroën ya mikanda. Swali linalofuata ni: ni ipi kati ya nane? Wafaransa hawa walifanya jambo lililotusaidia sana. Kila motokaa walichora alama ubavuni, wakaipa jina. Motokaa ya Haardt iliitwa Scarabée d'Or, maana yake Dundu wa Dhahabu. Ya Audouin-Dubreuil iliitwa Croissant d'Argent, yaani Hilali ya Fedha. Palikuwa na Jua Liendalo, Ndovu Mwenye Mnara, Njiwa, na Konokono Mwenye Mabawa. Mbili zilizobaki zilikuwa na viumbe vya hadithi za Wayunani wa kale: Pegasi, farasi mwenye mabawa, na yule aliye nusu mtu nusu farasi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huteleza. Mtu akiona dundu ubavuni, hupiga kelele, ‘Nimeipata, hii ni ya safari ya Afrika ya 1924!’ Apunguze haraka. Haardt alikuwa na Dundu wa Dhahabu mwingine kabla ya huyo. Tarehe 17 Desemba 1922 yeye na Audouin-Dubreuil waliondoka Touggourt, Algeria, na motokaa tano za mikanda, wakafika Timbuktu tarehe 7 Januari 1923. Katika hizo tano alikuwamo Dundu wa Dhahabu, na Hilali ya Fedha pia. Mwaka 1931 jina la Dundu likarudiwa tena katika safari ya Citroën ya kuvuka Asia. Jina ni moja, motokaa ni mbalimbali. Ni kama kuona jina la Juma katika daftari la kodi ukasema umempata babu yako. Juma ni wengi.

Dawa yake ni kutazama yaliyo jirani na alama. Je, motokaa inavuta trela? Zile nane za 1924 zilivuta matrela yaliyobeba mizigo ya miezi mingi. Nyuma yake pana nini: mchanga mtupu, au minazi na nyumba za mawe? Motokaa za 1922 ziliishia Timbuktu, hazikuona minazi ya pwani yetu. Na kama picha ni ya Dar es Salaam kweli, hatutazamii kuona Dundu wa Haardt, maana yeye alishika njia ya Msumbiji. Tukimwona, basi ama mahali pameandikwa vibaya, ama alama tumeisoma vibaya. Kila jibu tunalolipata lazima likubaliane na mengine yote. Likikataa moja, turudi nyuma tuanze tena.

Kuna kanuni moja ya tarehe ambayo ningependa kila kikundi kiiandike daftarini: kitu kipya katika picha hukupa mwanzo, hakikupi mwisho. Motokaa ikionyesha breki katika magurudumu ya mbele, mnajua kwamba si rahisi iwe ya 1907, kwa kuwa breki hizo zilianza kuenea katika miaka ya 1920. Lakini taa za karabai hazithibitishi kwamba picha ni ya kale sana, maana motokaa kuukuu huweza kupigwa picha hata leo.

Kwa kanuni hiyo, ile picha yetu ya mfano tumeiweka mahali pake. Ni Citroën ya mikanda, iko Dar es Salaam, basi haiwezi kutangulia kugawanyika kwa makundi huko Kampala mwezi wa Aprili 1925. Na maneno ‘ya kwanza kuvuka Afrika’? Hayo yameanguka. Graetz alikwisha kufika Swakopmund miaka kumi na sita kabla yake. Aliyeandika alisema kweli kuhusu mji, akakosea kuhusu sifa. Shahidi mmoja huweza kusema kweli na uongo katika mstari mmoja, na kazi yetu ni kuvitenga.

Lakini, ndugu zangu, motokaa siyo mwisho wa picha. Nimesema pana watu kumi wamesimama pembeni. Hao ni akina nani?

Safari ya Citroën ilikuwa na mpiga picha, Georges Specht. Mtengeneza filamu, Léon Poirier. Na mchoraji, Alexandre Iacovleff. Filamu yake ilitoka mwaka 1926. Ilikuwa safari ya elimu, na ilikuwa pia tangazo la biashara: dunia ione kwamba motokaa ya Citroën hupita popote. Tangazo zuri huonyesha motokaa inapita. Halionyeshi sana kwa nini njia inapitika. Petroli na vyakula vilikuwa vimekwisha kutangulizwa katika vituo njiani. Katika misitu ya Kongo, watu wa vijiji walikata miti, wakajaza mashimo, wakatandika magogo ili motokaa ipite. Kazi hiyo ilifanywa kwa amri ya serikali ya Wabelgiji.

Basi tazameni tulipofika. Motokaa nane, na kila moja tunaijua kwa jina. Hata konokono alipewa jina na mabawa. Lakini waliofyeka msitu mbele ya konokono huyo hawakuchorewa alama ubavuni. Ni wachache mno waliopata kutajwa.

Mmoja aliyetajwa ni Nobosodrou, mwanamke wa Kimangbetu wa kaskazini ya Kongo. Specht alimpiga picha kwa upande, kichwa kirefu, nywele zimesukwa zikaelekea nyuma kama taji. Picha yake ikasambaa Ulaya. Kisha mchonga sanamu François Bazin akatengeneza kwa mfano wake sanamu ndogo ya chuma ya kuwekwa juu ya rejeta ya motokaa. Mtu akageuzwa pambo la kifuniko cha maji. Kwa mtambuzi wa picha, sanamu hiyo ni alama ya tarehe: ikionekana juu ya rejeta, picha haiwezi kuwa ya kabla ya safari ile. Lakini kwa mwenye kujifunza historia ni zaidi ya alama ya tarehe. Aliyeiweka mbele ya motokaa yake mjini Paris alibeba uso wa mtu aliyekuwa na jina, kwao, na jamaa zake, na pengine hakujua hata kimoja cha hivyo.

Ndiyo sababu nawaambia, mkisha kuitambua motokaa, msiifungie picha sandukuni. Motokaa imewapa mwaka na mahali. Sasa utumieni mwaka huo kuwatafuta watu. Kama ni 1925, na kama palikuwa Dar es Salaam, ni mzee gani wa mtaa aliyesimulia habari za motokaa yenye mikanda? Nani katika ukoo alikuwa dereva, mpagazi, mpishi, askari au mtoto wa shule mwaka huo? Ulizeni kwanza kila mzee peke yake, kabla hamjamwambia jibu mnalolitaka. Kisha andikeni majina nyuma ya nakala, wala si nyuma ya picha yenyewe, mkitaja nani amesema na tarehe gani. Hapo na maandishi yenu yatakuwa shahidi mwema kwa watakaokuja.

Mafundi wa motokaa waliomo katika vikundi vyetu wasidhani kwamba somo hili ni la walimu. Mtu aliyekwisha kufungua injini mia huona katika picha mambo ambayo msomi hayaoni: springi iliyogeuzwa, hendeli iliyofungwa upande mwingine, madigadi yaliyotoka motokaa nyingine. Mwiteni fundi, mpeni kioo, mkae kimya msikilize.

Nayakusanya niliyoyasema. Maandishi ya nyuma ni shahidi, si hakimu. Anzeni na vitu visivyobadilishwa kwa urahisi, kama rejeta. Hesabuni, msikisie. Jina moja huweza kuwa la motokaa nyingi. Kitu kipya hutoa mwanzo wa tarehe, hakitoi mwisho. Na motokaa ikisha kujulikana, waulizeni waliosimama kando yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Kwa nini mkanda wa mpira peke yake hauthibitishi kwamba motokaa ni ya Citroën?

2. Picha imeandikwa ‘Mombasa, 1922’ na motokaa ina alama ya hilali na trela nyuma. Mwaka huo unaweza kuwa kweli? Toeni sababu.

3. Leteni picha moja ya zamani kutoka nyumbani. Kabla ya kusoma maandishi ya nyuma, andikeni mambo matano yanayoonekana ndani yake. Kisha geuzeni msome. Ni wapi picha na maandishi vinapatana, na ni wapi vinagombana?

4. Katika picha hiyo, ni nani asiye na jina, na ni nani aliye hai anayeweza kumtambua? Nani katika kikundi ataenda kumwuliza, na siku gani?

Swali la nne lisiachwe mpaka kesho. Picha huweza kungoja sandukuni miaka mia, lakini wazee hawangoji. Kwaherini.